Nimo Edani, na Jembe Siliweki Chini

Mpendwa Bi Nadira, shikamoo. Naomba msaada wako, lakini nakwambia mapema kwamba jembe siliweki chini. Mimi ni mjane wa hapa Mtongwe, mume wangu Najib amefariki juzi juzi tu na niko eda, sitoki, sijipambi, manukato nimeyafungia kabatini, na yote hayo nayafanya kwa moyo wangu kwa sababu nilimpenda, ila nyuma ya nyumba, ndani ya ua wetu wenyewe, kuna bustani tuliyoilima pamoja tangu nilipoolewa, na kipupwe kama hiki ndio wakati wa kung'oa mibiringani iliyozeeka, kutifua matuta, kutayarisha samadi na kuotesha miche ya pilipili ili vuli ikinyesha itukute tayari, na eda yangu itakwisha vuli ishaanza, sasa nikingoja nitapanda nini?

Shemeji yangu Faki alinikuta na jembe akapiga kelele mtaa mzima ukasikia. "Wallahi huna haya! Mjane akichimba mtanga kabla eda haijesha, ni kama yuwamfukua marehemu!" Kisha akasema vuli ikifika matuta yakiwa matupu, atajua bustani siitaki, atajenga vyumba vya kupangisha.

Tangu siku hiyo nalima alfajiri kabla hajaamka, na aliponiuliza ni nani aliyetifua tuta niliogopa, nikasema ni kuku. Akawafungia kuku bandani! Sasa nikilima tena nitamsingizia nani? Nimechoka kujificha kama mwizi katika ua wangu, na bustani ile ndio mahali pekee ninapomlilia Najib bila mtu kuniambia nyamaza. Wifi zangu wanasema nivumilie. Sitaki kuvumilia. Je, nakosea?

Jalila, Mtongwe

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Mungu amrehemu Najib. Barua yako imenitoa machozi, kisha nikafika kwenye kuku nikakasirika. Kuku gani huyo, Jalila, anayetifua tuta likanyooka? Faki si mjinga. Ulipodanganya ulimwonyesha kwamba nawe unaamini una kosa, na kosa huna.

Ua wako ni nyumbani kwako. Eda imekutaka utulie nyumbani na uache mapambo, nawe umetii. Sijui tangu lini jembe limekuwa pambo! Lakini usishike neno langu, mimi ni mtu wa gazeti. Mwite mwalimu wa dini unayemwamini, aje aulizwe hapo hapo nyumbani, na Faki awepo asikie kwa masikio yake. Hayo ya kumfukua marehemu ameyatunga mwenyewe.

Tena tazama hila yake: anakukataza kulima, halafu usipolima anachukua. Huyo hana uchungu na ndugu yake, ana hamu ya kiwanja. Mirathi haijagawanywa, kwa hiyo hana ruhusa ya kumwaga hata karai moja la zege. Akileta fundi, mtume ndugu yako kwa kadhi siku hiyo hiyo.

Sasa bustani. Samadi ya mbuzi ikiwa mbichi usiitie kwenye matuta, itakuunguzia miche. Irundike kivulini, inyunyizie maji, uigeuze mara kwa mara mpaka ipoe. Mibiringani ya zamani ing'oe pamoja na mizizi. Na uache hii tabia yetu watu wa pwani ya kufagia ua mpaka ung'ae na kuchoma kila jani, utadhani majani yametukosea. Yatandaze juu ya matuta yatunze unyevu. Pilipili isie sasa kwenye kitalu, uifunike kwa makuti machache. Usingoje idhini ya wifi zako, kwani mvua nayo haitawauliza.

Na yote haya yafanye mchana, jua likiwa juu, mlango wa ua ukiwa wazi. Ukitaka kulia, lia kwa sauti. Faki akija, msalimu kwa adabu zote, kisha mwambie asogeze mguu, anakanyaga mbegu.