Mayai Yaliyopoa

Mpwa wangu kipenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mumeo na mjukuu wangu, zikiwakuta mmekaa au mmesimama, mradi mko wazima. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni chuma cha reli, isipokuwa goti la kushoto, nalo limeumizwa na cheo. Nasema cheo kwa sababu sidhani kama mama yako amekueleza sawasawa: kiwanda hiki cha magodoro hakifunguki bila mimi. Mkurugenzi mwenyewe kila asubuhi husimama na gari lake refu mbele yangu, akingoja nimwinulie kizuizi. Juzi alishusha kioo akaniuliza habari za nyumbani, nami nikamjibu nzuri, foleni nzima ikishuhudia. Kwa kifupi, anayelala pazuri katika nchi hii, analala kwa idhini yangu.

Umeniuliza habari za kasuku wangu wadogo, ukasema mjukuu hakupi raha, anauliza kifaranga chake kiko wapi. Sijasahau ahadi. Nawe usisahau yako, kwamba siku vifaranga vitakapotoka mtakuja wote kukichukua, mkae hapa likizo nzima. Chumba cha nyuma nimeshakipaka rangi. Godoro nimepewa na kiwanda kwa heshima yangu. Lina bonde kidogo katikati, lakini mtoto hatalijua.

Ndege wenyewe ni hodari kupita kiasi. Bwana ni wa kijani, pua yake ya bluu, na Bibi ni wa manjano, pua ya kahawia, ndivyo wanavyotambulikana. Siku moja nilikwenda na Bwana kazini, akaiga filimbi yangu ya getini, dereva wa lori akarudi nyuma mpaka barabarani akidhani ni amri. Usicheke. Muulize yeyote pale, ingawa wengi siku hiyo hawakuwepo.

Ndani ya tundu lao nikawatundikia kisanduku cha mbao chenye kitobo cha kuingilia. Ndani nikatandika sponji bora ya kiwandani, Bibi akaitupa nje kipande kwa kipande, kama mwenye nyumba anayemtolea vyombo mpangaji. Basi akataga kwenye mbao, mayai matano. Nilipoyamulika kwa tochi niliona mishipa myekundu ndani, myembamba kama uzi. Nikasema nimekuwa babu mara ya pili.

Siku za kutotoa zikafika, zikapita, kimya. Nikapasua yai moja. Mpwa wangu, kilikuwa kifaranga kamili, na kucha zake na mdomo wake, kimejikunja, kimekufa. Yaliyobaki yote vivyo hivyo. Bibi akataga tena, yakawa yale yale. Jirani yangu muuza mitumba akanitania kwamba ningeyatia kitunguu mapema nisingekula hasara. Nilimjibu kwamba haya ni mambo ya sayansi, akaniuliza sayansi gani hiyo isiyo na supu.

Nililaumu joto. Nikamlaumu fundi wa kuchomelea vyuma wa mtaa wa pili na kelele zake. Mwisho nikamwita muuza ndege, maana nilitaka anibadilishie dume, hili nikiliona goigoi. Akatikisa kijiti wanachosimamia, akaona kimekaza. Akatazama chakula, akatazama maji, akasema hawa wanakula kuliko yeye. Kisha akaniuliza ni nani anayekisumbua kisanduku. Nikamwambia hakuna mtu. Akasema basi nina jini humu ndani, kwa sababu mama huyu anatimuliwa juu ya mayai kila mara, na mayai yakipoa, kilichomo hufa.

Jini ni mimi, mpwa wangu. Tangu mkaza mjomba wako atangulie mbele ya haki, nikitoka kazini naingia kwenye nyumba isiyo na mtu wa kusema karibu. Basi nilianza kwenda moja kwa moja kwenye kisanduku. Nimelelewa, siwezi kuchungulia kwa watu bila hodi, kwa hiyo nagonga kwa ukucha, nasema hodi hodi humu ndani. Bibi anatoka mbio, Bwana ananifokea, nami nafungua kifuniko, nasimama hapo kuwapa habari za kazini, nani kapita, nani kachelewa. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakufuga kasuku. Hata baada ya kuambiwa nilikifunga kifuniko kwa waya, na jioni yake nikaufungua mwenyewe.

Sasa Bibi ametaga mara ya tatu. Safari hii nimelibeba tundu na kila kilichomo nikalipeleka kwa huyo jirani wa mitumba, nikamwomba hata mimi asinifungulie. Akasema atanitoza kiingilio. Lakini msingoje vifaranga, mpwa wangu. Vikitoka mtavikuta, na visipotoka, mjukuu nitamwambia mimi mwenyewe, uso kwa uso. Njooni tu. Nisingekuandikia hivi kama ndege wangekuwa humu.

Nisalimie mumeo, mwambie goti likipoa nitamshinda bao kama kawaida. Mama yako mwambie nakula vizuri, asianze maneno yake. Mjukuu mbusu kwenye paji la uso.

Jana nimerudi, nikasimama kwenye mlango wangu mwenyewe, funguo mkononi, nikapiga hodi. Jirani akachungulia, akauliza nambishia nani. Nikamwambia najaribu kitasa. Kitasa ni kizima.

Ni mimi mjomba wako.