Punguza Sauti, Ng'ombe Anashtuka

Endebess, Jumanne

Si kwamba hakunisikia. Alinisikia vizuri sana.

Nilikuwa nakamua, simu imening'inia msumarini, na yule jamaa wa podikasti ya siasa amepandisha sauti mpaka inatetemeka, karibu alie. Ati wageni wametunyonya vya kutosha, warudi kwao. Mwili wote ukanisisimka. Nikamjibu kwa nguvu, "Sema, bana. Warudi."

Kugeuka, Mama Njeri, jirani yangu, amesimama mlangoni na jagi lake la maziwa ya jioni. Watu wake asili yao ni kule Mkoa wa Kati, hao hao ambao yule jamaa anawaita wageni.

Hakukasirika. Alisema tu, "Baba Wekesa, punguza sauti kidogo, ng'ombe anashtuka."

Nilizima kabisa. Nikampimia lita yake, kisha nikataka kumwongezea kikombe, kama mtu anayelipa faini. Akasema asante, lita moja inamtosha.

Sasa hivi nimekisikiliza kile kipindi tena, chote, nikitafuta hoja hata moja ya kujitetea nayo. Hakuna. Ni ile sauti tu, na muziki wa huzuni chini yake. Na mimi mtu mzima, mzee wa kanisa, nilisisimka.

Halafu mgeni ni nani? Mama Njeri alizaliwa hapa hapa. Mimi ndiye niliyekuja kutoka Bumula na begi moja, simjui mtu, na usiku wangu wa kwanza Endebess nililala jikoni kwake.