Pilipili Isiyo na Meno

Kamuli, Karagwe
Jumanne, Machi 1953

Dada yangu mpendwa Evangelina,

Shikamoo dada. Kwanza nisamehe kwa kukaa kimya hivi. Barua yako ya Krismasi niliipata, nikaiweka chini ya mto nikisema nitaijibu kesho. Kesho ikawa ya mtoto, kesho nyingine ya kahawa, nyingine ya kuni, na leo nakuandikia kwa sababu sina tena kesho ya kuahirisha. Hujambo lakini? Shemeji Gaudiosus hajambo? Mguu wake aliojikata na panga umepona? Na wale wapwa zangu, bado wanagombania kulala karibu na ukuta?

Huku kwetu tupo. Aristides, huyu niliyejifungua mwezi wa kumi na moja, amenenepa na ameanza kucheka peke yake akitazama moshi. Felicitas anakaribia kutimiza miaka mitatu, na tangu anapoamka hanyamazi, anachanganya Kinyambo na Kiswahili, na kuku wote amewapa majina ya wanakwaya. Kile kifua chake cha wakati wa mvua kilipoa, ila bado akikimbia nasikia filimbi ndani. Mimi mwili wangu mzima, dada. Ila nimechoka, na moyo hauna pa kukaa. Maziwa yamepungua, na sijui kama ni uchovu au ni woga.

Unakijua kibustani changu, pale nyuma ya jiko, kati ya migomba na shimo la majivu. Ulipokuja mara ya mwisho ulinicheka kwamba wenzangu wanapanda maharage na mimi napanda moto. Sasa moto umetuwakia.

Nilikuwa na pilipili kichaa, zile ndogo zinazotazama juu kama zinamtukana Mungu. Nilikuwa na pilipili mbuzi zenye makunyanzi, za njano na nyekundu, zinazonukia vizuri hata kabla hujazikata. Nilikuwa na hoho chache ambazo vifaranga walizimaliza. Na nilikuwa na zile ndefu nyekundu, tamu kabisa, ambazo shemeji alitununulia mbegu zake Bukoba, mkunjo mmoja wa karatasi akakuachia wewe na mwingine akanipa mimi. Majirani walikuwa wakija kuomba, wananiita Mama Pilipili, nami nilipenda, nisiseme uongo. Nilipenda kusimama pale asubuhi, mtoto mgongoni, nikitazama nyekundu zangu kwenye majani mabichi.

Sasa, mwaka jana baba mkwe wangu, mzee Rweyemamu, alipougua kifua, kinywa chake kilikataa kila kitu. Mama Kokuhirwa, mkewe, alimpikia ndizi, alimpikia maharage, alimchemshia nyama, mzee anageuza uso. Siku moja nikampelekea zile ndefu tamu pamoja na ndizi. Alitafuna moja akafumba macho akisubiri imuume. Haikumuuma. Akacheka mpaka akajishika mbavu, akasema hiyo ni pilipili isiyo na meno, imezeeka kama yeye, waachwe wazee wawili wakae pamoja. Tangu siku hiyo alianza kula tena, na kila mlo lazima nimwekee. Mzee huyu amenitendea wema, dada. Wengine wote hapa waliponiita yule wa ng'ambo ya ziwa Burigi, yeye aliniita mwanangu.

Wewe unajua desturi ya nyumba hizi. Anayempelekea mkubwa pombe au chakula huonja kwanza mbele yake, ili moyo wa anayekula utulie. Kwa hiyo nilikuwa napiga magoti, naweka pilipili zangu juu ya kipande cha jani la mgomba, nachukua moja, naitafuna yote, halafu namsogezea zilizobaki. Miezi yote hiyo ndivyo nilivyofanya.

Kiangazi kilipokausha ile miti ya kwanza, nilitunza mbegu zake nikazipanda tena mahali pale pale, ubavuni mwa pilipili kichaa, maana pengine pote ni migomba. Zilitoka vizuri. Zikazaa zile zile, ndefu, nyekundu, zinang'aa. Mtu angeziweka pamoja na za mwanzo usingetofautisha. Jumatano iliyopita nikachuma za kwanza kuiva, moja mti huu, moja mti ule, nikampelekea mzee na chakula chake cha mchana. Nikapiga magoti, nikachukua moja, nikaitafuna. Tamu. Nikamsogezea jani.

Mzee akang'ata moja kwa kujiachia, kama alivyozoea. Dada, sijawahi kuona uso wa mtu ukigeuka vile. Alivuta pumzi na ule moto ukaingia nayo kifuani. Akakohoa, akakohoa, akaanguka upande, macho yamegeuka, na mate yake yakaja na damu. Nilipiga kelele nikimwita Mama Kokuhirwa, nikamwinua mzee kichwa, nikataka kumpa maziwa, waliokuja mbio wakanipokonya kibuyu mkononi. Tangu siku hiyo amelala. Sauti imepotea kabisa. Anahema kwa shida, na hawezi kusema lolote, wala la kunitetea wala la kunihukumu.

Kesho yake asubuhi nilikwenda bustanini nikaonja kila mti kwa ncha ya ulimi. Miti miwili imesimama bega kwa bega, matunda yanafanana kama mapacha, mmoja mtamu na mwingine unaunguza kama kaa. Zaidi ya nusu ni mikali. Nilikaa chini pale pale nikafikiri, nikakumbuka jinsi nyuki wanavyotoka kwenye maua ya kichaa wakaingia kwenye maua ya tamu kutwa nzima. Ni kama dume la jirani linapoingia kwenye zizi lako, ndama anazaliwa na rangi ya mama na pembe za mwingine. Sina ujuzi mwingine, lakini hilo naliona kwa macho.

Nikawaeleza hivyo wakwe zangu. Dada, afadhali ningenyamaza. Ndyamukama, kaka mkubwa wa mume wangu, alipiga makofi akauliza tangu lini pilipili zikazaa nje ya ndoa. Akasema kumbe kwetu hata pilipili hazitulii nyumbani. Watu wakacheka, na kicheko chenyewe kilinitisha kuliko matusi. Kisha akaacha kucheka. Akasema yote ni wazi: nilionja ile niliyojua ni nzuri, nikamwachia baba yao ile niliyoitia sumu. Akasema mkono wangu ulijua unachagua nini. Na nikitazama, naona hata mimi ningemwamini. Desturi iliyowekwa ili niaminike ndiyo inayonihukumu.

Bustani wameizungushia majani makavu ya mgomba, mtu asiingie. Jirani mmoja alirudisha pilipili mbuzi nilizompa, hakuzileta mlangoni, alizimwaga njiani na kuzikanyaga. Mume wangu Yustus aliniuliza mara moja tu kama kuna mtu mwingine aliyezigusa zile pilipili. Nikamwambia hakuna, ni mikono yangu tu. Akaitika, akaenda kwenye kahawa. Tangu siku hiyo hajala chakula changu. Nampikia, nafunika, kinapoa, namwona anatoka kwa mama yake akifuta midomo. Simlaumu mtu akiogopa, na baba ni baba. Lakini nalala kitanda kimoja na mtu anayeogopa mkono wangu.

Na mimi naogopa kila kitu. Chumba cha mzee kimetazamana na jiko langu. Akikohoa nashtuka. Akinyamaza nashtuka zaidi, naacha mwiko hewani mpaka nisikie tena. Akifa, mimi ni muuaji, watanipeleka barazani kwa mkungu, yule mkubwa wa kijiji, na kutoka huko Bukoba kwa serikali. Namwombea uzima kwa Bikira Maria, na wakinikuta na rozari wanasema namalizia kazi.

Jana walikaa kikao. Aliyekiongoza ni mzee Byarugaba, mkuu wa ukoo, aliyekuja kutoka Kaisho. Nilikaa mlangoni kwenye majani, Aristides akinyonya. Nikawaambia nitakula mimi, waichume miti yote, mitamu na mikali, nitakula mbele yao waone kwamba mikali inaunguza tu na haiui. Mzee Byarugaba alikuwa ameanza kukubali. Ndipo Ndyamukama akasema hapana, huyu ulimi wake umeshazoea, na mchawi hafi kwa dawa yake mwenyewe. Akasema kama kweli ni pilipili tu, aonje mtoto wake, Felicitas. Mama hawezi kumpa mwanawe sumu. Mtoto akila akabaki mzima, jambo limekwisha. Mama akikataa, amejibu mwenyewe.

Mama Kokuhirwa akasema kwa sauti ndogo kwamba mtoto ni mchanga na kifua chake ni kile kile cha babu yake. Ndyamukama akamjibu kwamba baba yao naye alikuwa na kifua. Wazee wakakubaliana, mmoja baada ya mwingine. Itakuwa Jumapili baada ya misa. Watachuma wao.

Mimi nilikuwa namtazama Yustus. Nilisema moyoni, sasa atasimama. Aliinamisha kichwa akawa anabandua ngozi kavu kwenye kiganja chake. Hakusimama.

Sasa dada, nakuja kwenye lile ambalo umekwisha kujiuliza tangu mlangoni. Aliyekuletea barua hii ni Kokubanza, mjane jirani yangu, anayekuja huko Kihanga kuuza mikeka. Nilimwomba akupe barua kwanza, asikueleze kitu mpaka umalize kusoma. Mtoto aliyemleta mgongoni, aliyefunikwa kwa mkeka, ni Felicitas. Nimemtoa mwenyewe. Hakuna aliyeniruhusu, na baba yake hajui. Nitamwambia ameshinda kwa Kokubanza, na watakapogundua na kuanza kumtafuta, mtoto atakuwa mbali, na mimi nitakuwa nimekaa hapa hapa jikoni.

Najua mtoto ni wa ukoo wao. Najua hakuna mwanamke wa huku anayefanya nilivyofanya akabaki na mji wake. Watasema nimejibu mwenyewe. Wameniita mchawi, sasa wataniita na mwizi, basi waniite. Sitamwacha mwanangu apumue kitu kilichomwangusha mtu mzima, ili watu wazima watulie mioyo. Na usiniambie nami nikimbie. Nikikimbia, nimemuua mzee kwa miguu yangu. Aristides bado ni mdogo mno kwa safari hiyo. Na akifumbua kinywa mzee Rweyemamu, nataka anikute hapa.

Jumapili nitakula mimi, kila mti, wapende wasipende. Mimi ndiye niliyeonja siku ile, na mimi ndiye nitakayeonja.

Akija mtu yeyote wa huku kumdai Felicitas, usimtoe. Hata akija Yustus akilia, mpe kiti, mpe chakula, mtoto usimpe, mpaka aje pamoja nami. Felicitas usiku akiamka huita maji lakini hana kiu, anataka tu kusikia sauti. Mwitikie. Maharage hali bila kutolewa maganda. Akikuuliza niko wapi, usimwambie nakuja kesho, maana anazijua kesho zangu. Mwambie niko bustanini.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na mama yetu wa ubatizo mkikutana kanisani. Kokubanza atarudi Ijumaa. Naomba unitumie naye vitu hivi:

Samli, kibuyu kimoja, ya kupaka ulimi na koo.

Sukari kidogo, ili Jumapili na Jumatatu nimchanganyie Aristides maziwa ya ng'ombe. Siku hizo sitathubutu kumnyonyesha.

Shemeji Gaudiosus mwenyewe, afike Jumamosi. Hapa sina mwanamume wa kukaa upande wangu. Na kama anamfahamu mtu, hata mmoja tu, aliyewahi kuona pilipili tamu ikizaa kali, aje naye.

Khanga yako nyeusi. Kama mzee atakufa kabla, nataka nimlilie nikiwa nimevaa ipasavyo, hata wakinifukuza matangani.

Na kitambaa chochote ambacho Felicitas amelalia usiku wa kwanza kwako. Usikifue. Kokubanza anaweza kuniambia amefika ili tu nisihangaike, lakini harufu ya mwanangu naijua.

Mdogo wako,
Adelgunda