Mwangwi wa Pagale la Chanika

Jumamosi, 5 Julai 2025

Leo nimeshinda mabishano yote na sijala chochote. Siku njema.

Wimbo wa sita umekamilika! Tunarekodi albamu yetu mpya hapa Chanika, katika nyumba ya baba mdogo Gozbert, ambayo tangu nikiwa kidato cha pili haina dari, madirisha wala lipu. Umeme tunavuta kwa jirani. Kule Kinondoni mwenye studio alitutaka tuongeze mdundo wa singeli, eti watu wapate kucheza. Nilimweleza kwamba Ghadhabu Tulivu ni bendi ya roki, na kwamba roki haiombi ruhusa kwa viuno. Akatuonyesha mlango.

Bora alivyofanya. Sebule hii tupu ina mwangwi ambao hakuna mashine iwezayo kuughushi. Praygod, mpiga ngoma wetu, akigonga mara moja, utadhani kikosi kizima kinashuka ngazi. Shamimu, mpiga gitaa wetu na mwenye kompyuta ya kurekodia, anasema mwangwi huu ndio mwanachama wa nne wa bendi. Nikampinga: ndio wa kwanza. Akasema, "Erasmus, wewe hata ukiungwa mkono unabisha."

Zimebaki nyimbo mbili. Nyumba hii haitakwisha karne hii, kwa hiyo hatuna haraka.

Jumatatu, 7 Julai

Balaa!

Baba mdogo kapiga simu. Binti yake, Demetria, anaposwa. Upande wa mwanamume unaleta barua Jumamosi ya tarehe 19, na yeye hawezi kuwapokea watu wazima katika vyumba viwili vya kupanga Tandika. Watapokelewa hapa. Nyumba iliyolala miaka yote hiyo itakamilika ndani ya wiki mbili!

Nilimweleza kwamba kumalizia nyumba kwa ajili ya macho ya wageni ni utumwa wa fikra. Akasema, "Wewe mwenye shahada ya falsafa, ondoa hayo masufuria yenu sebuleni."

Masufuria. Alimaanisha matoazi ya Praygod.

Tumefanya kikao. Kuhama hatuwezi: nyimbo sita zina sauti ya nyumba hii, na mbili zikirekodiwa kwingine zitasikika kama watoto wa kambo. Shauri ni moja tu, tuitangulie saruji.

Jumatano, 9 Julai

Fundi Hija amefika na wenzake. Nilimkabili mlangoni, nikamfafanulia kwa utaratibu kwamba ukuta ukipigwa lipu mwangwi utakufa, na kwamba mbele ya sanaa yeye atakuwa mshiriki wa mauaji. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umemaliza, braza?"

Nimemaliza.

"Haya, nipishe basi."

Kufikia jioni sebule nzima ilikuwa na lipu. Praygod akajaribu ngoma. Mwangwi haujafa — umeongezeka maradufu! Shamimu alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji. Nimewaeleza kwamba hoja yangu ilikuwa sahihi kinadharia. Ukuta ndio uliokosea.

Ijumaa, 11 Julai

Wimbo wa saba tayari. Katikati linasikika koleo la Hija. Shamimu anataka libaki, Praygod naye. Nimepinga kwa hotuba ndefu. Koleo limebaki. Hii ndiyo demokrasia.

Jumapili, 13 Julai

Dari imefungwa sebuleni. Huyo ndiye muuaji! Sauti iliyokuwa ikipanda hadi kwenye bati sasa inagota na kurudi imechoka. Tumehamia chumba cha kulala. Kesho dari inafungwa huko nako. Tunahamahama na ngoma zetu ndani ya nyumba moja kama wapangaji wakorofi.

Wimbo wa nane bado. Ndio mkali kuliko yote. Unaanza kwa kishindo na hauna mahali pa kupumzikia. Ndivyo nilivyoutunga mimi.

Jumatano, 16 Julai

Nimebuni mkakati wa kumchelewesha Hija: mjadala. Nilimwuliza, je, mtu ana hiari ya kweli, au kila kitu kimekwisha kupangwa? Nilitarajia saa nzima. Akasema, "Kimepangwa. Niletee hiyo ndoo."

Nikamletea.

Mchana alikuja Demetria kupima mapazia. Aliniita pembeni. "Kaka Eras, nakuomba kitu kimoja tu. Jumamosi wakija, nisisikie hata ting." Kumbe kuna shangazi wa mwanamume, ndiye mwenye kauli kule kwao, na anaulizaulizia kama ukoo wetu una wasanii. Anaamini wasanii wote ni wahuni. Demetria amemjibu kwamba kwetu hakuna. Eti mimi ni mwalimu mtarajiwa.

Imenichoma. Nilikuwa na jibu la kurasa kumi kuhusu nafasi ya sanaa katika jamii. Lakini Demetria alinunua albamu yetu ya kwanza. Alinunua mbili, ya pili akasema ni ya akiba. Nimeahidi.

Ijumaa, 18 Julai

Makochi yameingia. Zulia limeingia. Mapazia mazito kama ya ukumbi wa harusi! Praygod akigonga ngoma sebuleni, unasikia mtu anayepiga godoro.

Kimebaki chumba kimoja tu chenye uhai: bafuni. Marumaru ukutani, hakuna dari, bati li wazi juu. Shamimu aliimba neno moja mle ndani, likapanda hadi kwenye bati na kurudi limenenepa. Praygod alisema, "Oyaa, humu humu."

Wageni watafika saa nane mchana. Sisi tutarekodi asubuhi, tutaondoka kabla ya saa nne. Hesabu hii haina dosari.

Jumamosi, 19 Julai. Bafuni

Wamefika saa tatu na nusu.

Saa tatu na nusu! Nani katika jiji hili anawahi shughuli, tena ya posa?

Mlango wa bafu unafungukia ndani, na nyuma yake ipo ngoma kubwa. Pa kuisogeza hapana. Kutoka lazima tuibomoe yote, na kila skrubu inalia. Praygod alilisema hili alfajiri. Nilimbishia.

Nimekaa kwenye ndoo ya rangi, naandika kwa sababu kuongea hakuwezekani. Shamimu yuko juu ya choo na gitaa lake. Tulikuwa tumefika nusu ya wimbo, mara ya kwanza bila kosa, ndipo kwenye kidirisha nikaona wageni wakikata kona, baba mdogo na Demetria mbele yao, nikawasimamisha wenzangu. Kesho Hija anafunga dari humu.

Nimemtumia Demetria ujumbe: tupo bafuni. Amejibu kwa vikatuni vya kulia, mstari mzima.

Sebuleni soda zinafunguliwa. Sauti ya baba mdogo ni ya asali. Shangazi anasifia mapazia.

Mzee mmoja wa upande wao anaomba kuonyeshwa msalani.

Kochi linalalama, anainuka.

Baba mdogo anasema, samahani mzee wangu, huko mafundi bado wanamalizia, twende kwa jirani hapo. Basi anajua. Demetria kamwambia.

Sasa sauti ya shangazi, imekaribia kabisa, ipo koridoni: "Mafundi gani hao, wako kimya hivyo? Au mmewafungia?"

Jasho la Praygod linadondokea kwenye ngoma, naapa nalisikia.

Halafu baba mdogo, kwa ukali ambao sijawahi kuusikia: "Nyie mafundi! Mmelala humo? Pigeni kazi, bwana!"

Praygod ananitazama. Shamimu amekwisha kubonyeza kompyuta. Taa nyekundu ya kurekodi inawaka. Namnong'oneza Praygod aanze polepole, kama mtu anayegongea kipande cha marumaru. Anatikisa kichwa, ananijibu kwa midomo tu, bila sauti: wimbo wa nane hauna polepole.

Vijiti viko juu.