Kutoka Brussels Hadi kwa Inès

Turffontein, Johannesburg
23 Juni 2013

Kaka Bertrand mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii ya Johannesburg, wewe na wifi Brigitte na watoto. Mgongo wako umetulia? Mimi sijambo, nasukuma siku.

Kaka, wiki hii nilimwomba Ummi, yule mama wa Fordsburg anayeuza tiketi za ndege, ambaye namfanyia usafi ofisini, aniangalizie kwenye kompyuta ni mbali kiasi gani kutoka kwako Brussels hadi kwa dada Inès huko Copenhagen. Akaniambia ni kilomita kama mia saba na hamsini, na ndege inatumia saa moja na nusu tu. Nikamwomba aangalie tena. Eish! Mimi nikitoka hapa kwenda kumtembelea rafiki yangu Jeannine kule Midrand, nikabadilisha teksi mjini na kukwama barabarani, wewe utakuwa umeshafika kwa Inès na viatu umevua. Nilicheka, halafu nikaenda kulia jikoni.

Maana huu ni mwaka wa tatu tangu tumzike baba, na matanga hayajaondolewa, kwa sababu watoto wake hatujakaa pamoja tukashika kinywaji cha kufunga msiba. Wewe unasema Inès ni mdogo, aje kwa mkubwa wake. Inès anasema mkubwa ndiye anayewafuata wadogo na kuwakusanya. Kila mmoja akiishiwa hoja, anasingizia umbali. Umbali gani huo, kaka? Ukoo wetu una vichwa vigumu, na mimi nimo. Aliye mbali ni mimi, mwenye karatasi ya ukimbizi isiyovuka mpaka. Ningekuwa na pasipoti, ningetua kwako asubuhi, nikakuvuta shati mpaka kwa Inès, tukawahi chakula cha mchana. Nawatamani sana. Natamani hata mgombane mbele yangu, nizisikie sauti zenu zikipishana mezani kama zamani kule Bujumbura.

Jambo moja tu mlikubaliana, kwamba mtanisubiri. Nawashukuru kwa hilo. Lakini mwezi uliopita niliomba tena hati ya kusafiria, wakaninyima. Msinisubiri.

Unajua kwetu binti haolewi wakati matanga ya baba yake bado yamo nyumbani. Gervais analijua hilo, amevumilia. Wazee wake wameuliza mara mbili, na mara zote nimewaambia wangoje. Sasa siwezi kuwaambia hivyo tena. Kaka, nina mimba. Naandika kwa aibu, na siwezi kuficha, kwa furaha pia. Usimtukane Gervais. Kila siku ananiuliza kama nimekuandikia.

Tangu baba aondoke, baba ni wewe. Kwa hiyo nakupigia magoti: panda ndege uende, au mwite Inès na umpokee vizuri. Ondoeni matanga bila mimi. Mkishika kinywaji, yatajeni majina ya watoto wote watatu wa baba, na likifika langu, Inès aitikie.

Msalimie sana wifi, na uwabusu watoto ambao sijawahi kuwabeba. Mkimaliza, nipigie simu. Usinieleze mengi, niambie tu niolewe.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Belyse