Jani la Njia Panda

Baba Maganga,

Keti. Usiniambie una shughuli, huko uliko hakuna mizinga ya kutundika wala mbuzi wa kufunga. Nina habari kubwa na nimeshindwa kuibeba peke yangu. Ugali umeungua mara mbili wiki hii kwa sababu yake. Mimi, niunguze ugali!

Kwanza mambo madogo nisije nikayasahau. Mwaka wa pili huu tangu tukuzike, na mvua zimekuwa nzuri. Binti yetu Milembe ameezeka bati. Mvua ikipiga hatusikilizani, lakini anaringa nalo, nimemwacha aringe. Mizinga yako kule msituni wanaivuna wapwa zako, wanavuna kama nyani, hawawaachii nyuki hata sega moja. Nimewasema. Kalunde wa Milembe, yule mjukuu uliyekuwa ukimwita mke wako mdogo, sasa ni mwalimu hapa mjini, anavaa viatu vya kamba na anatembea kama anafukuzwa. Na mimi nimejifunza kuandika zaidi ya jina langu. Usicheke. Nilianza na akina mama wa misheni ungali hai, ukasema nikishika kalamu ni kama kuku ameshika jembe. Soma basi kazi ya kuku. Ningeweza kumwambia Kalunde aniandikie, lakini barua hii si ya kuandikiwa.

Sasa habari yenyewe.

Jumatatu Kalunde alinikuta uani nasokota kamba ya magome ya miyombo. Shikamoo Bibi, marahaba, akakaa juu ya kinu, nimeshamkataza, akaanza kunieleza alichosoma katika kitabu chake kimoja. Anasema wako Wazungu wa hesabu wanaouliza kama dunia hii tunayoiona ndiyo yote. Sisi tunajua urefu, upana na kimo, basi. Wao wanasema huenda uko upande mwingine, umejikunja mdogo hata macho hayaupati. Nikamwambia, umejikunja wapi, mfukoni mwa nani? Akaichukua kamba yangu akaivuta mpaka kwenye mpapai. "Bibi, ukiwa kule barabarani unaona nini?" Naona mstari. "Na sisimizi aliye juu yake?" Nikainama. Baba Maganga, sisimizi alikuwa anaizunguka kamba! Anapita chini, anatokea juu, ana njia yake ambayo mimi ninayesokota kamba tangu usichana sijawahi kuihesabu kuwa ni njia.



Akaendelea. Wengine wao wanawaza kwamba dunia zenyewe ni nyingi, zimekaa kandokando na hazionani. Hilo sikuhitaji kamba. Nikamwambia, hiyo ni mizinga ya babu yako: miwili juu ya mti mmoja, na nyuki wa huu anadhani mzinga wake ndio mbingu na nchi. Kalunde akapiga makofi. "Bibi, ungekaa darasani ungetusumbua!" Nawasumbueni hivihivi, nikamwambia. Halafu akasema neno lililoniunguzia ugali. Akasema, wako wanaowaza kuwa penye njia mbili, ukifuata hii, ipo dunia nyingine ambayo umefuata ile.

Njia mbili. Unajua mawazo yangu yalikokwenda.

Mwaka ule wa vita, Mjerumani akikimbia na Mbelgiji akija, na kila mwenye bunduki akikamata watu wa kubeba mizigo, tulitoroka mjini kwenda kwa kaka yangu kule Goweko. Wewe ulikuwa mbele, kama kawaida yako. Ulikuwa kirangozi, umeongoza misafara mpaka pwani kabla reli haijafika, na kirangozi akifika njia panda hukata tawi akalilaza kwenye njia isiyo yetu, ili wa nyuma wasipotee. Jani, mlikuwa mkiliita, hata likiwa tawi zima. Mimi nilifuata na Milembe mgongoni. Mwanetu Maganga, ndevu hazijaanza, alikuwa nyuma kabisa na mbuzi. Njia ya kulia ilikuwa yetu. Ya kushoto ilishuka relini, kwa askari.

Siku ya tatu, kijana hajatokea, ukarudi kumtafuta, ukawakuta mbuzi karibu na reli, wanakula. Maganga hukumkuta. Hatukumwona tena.

Tangu hapo ukawa na swali moja. Ukila, swali. Ukitoka kanisani, swali. "Mama Maganga, hivi jani niliweka kweli?" Na mimi nikajibu kila mara: "Mimi sikuona jani." Hata siku ile ya mwisho, umenishika mkono, ukaniuliza. Nikasema, "Pumzika, mzee."

Baba Maganga, jani nililiona.

Nililiona. Tawi la myombo, lenye majani mapya mekundu kama yanavyokuwa kabla ya mvua. Milembe alikuwa analia, jua linampiga utosini, nzi wamemjaa machoni. Njia mimi nilikuwa naijua. Nikainama nikaliokota, nikamfunika mtoto, nikapita kulia. Nimetembea nalo mpaka kwa kaka yangu. Nilipolitua ndipo nilipoona mahali kisu chako kilipopita, na wewe ukiwa kisimani, nikalitia motoni.

Wewe mwenyewe uliwafundisha wapagazi wapya: jani si la aliyepita, ni la anayekuja nyuma. Mimi mke wa kirangozi, nalijua neno hilo kuliko jina langu, na nikaliokota. Nimegombeza watu wote wa mtaa wetu wa Gongoni tangu siku ile, nadhani ili asipatikane wa kunigombeza mimi.

Usinune kwanza! Sikia kwa nini nimefurahi hata silali vizuri.

Kama Wazungu wale hawaropoki, ipo dunia ambayo Milembe hakulia. Jani limebaki. Maganga amefika Goweko jioni na mbuzi wote, wa kwanza kuuliza chakula, kama alivyokuwa. Sasa ana mvi! Ana shamba la tumbaku, ana wajukuu, anakohoa kama wewe. Na yupo Mama Maganga wa huko, anawasumbua wakwe zake, anampelekea maziwa mwanawe na kumsema kwa nini hakunyoa, wala hajui ana nini mkononi. Nimemwonea wivu bibi huyo mpaka nikacheka peke yangu uani. Mtu kujionea wivu mwenyewe! Umewahi kusikia?

Kalunde, ambaye hajui kwa nini namuuliza kila siku, ananirudisha nyuma. "Bibi, hakuna aliyeziona. Ni hesabu na kuwaza tu, na wenzao wanawacheka. Tena zikiwapo, hakuna mlango." Halafu akaongeza kwamba zikiwa nyingi hivyo, ipo pia ambayo mambo ni mabaya kuliko hapa. Nikamwambia hiyo abaki nayo. Katekista naye nilimuuliza, akasema hayo hayamo katika katekisimu. Nikamwambia hata reli haimo, mbona inapita?

Sijui kama zipo. Naandika kwa wino: sijui. Lakini nimezizunguka zote kichwani kama yule sisimizi, namtafuta Maganga, nikakuta kitu ambacho sikukitafuta. Katika ile anayofika na ile anayopotea, ile Milembe analia na ile amelala, kila nikifika njia panda, jani lipo. Limekatwa kwa kisu chako. Wewe uliweka. Hakuna dunia uliyosahau. Kalunde angesema lazima iwepo moja. Aende akaitafute! Mimi nimekuwa mkeo zaidi ya miaka hamsini, namjua kirangozi wangu.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lako tangu mwanzo. Halikuhitaji Mzungu wala sisimizi. Lilihitaji mke mwenye mdomo, na mdomo ninao, kwa mambo mengine yote. Nisamehe, mzee. Neno hili hukulisikia kwangu ukiwa hai, na hata kuliandika limenichukua muda kuliko ukurasa mzima.

Jumapili baada ya misa nitawakalisha Milembe na Kalunde niwaambie kwamba wewe hukusahau, aliyeokota ni mimi. Watasema watakayosema. Nitanyamaza. Ndiyo, mimi.

Basi pumzika sasa, swali lako limekwisha. Mimi siko mbali, magoti yananiambia. Siku nikija, tangulia kama kawaida yako, na kila penye njia mbili nilazie jani. Safari hii sitaliokota. Nitaliacha palepale ulipoliweka. Maganga bado yuko nyuma.

Mkeo,
Mama Maganga