Mama, Gari Lisilo na Sauti Limefika Mzenga

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo. Mdomo unakataa.

Baba yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu ningekuwa wewe ningeruka mistari yote nikitafuta jina lake. Yuko hapa kwetu Mbwawa, amelala chumba cha mbele, na uji wangu ameukataa mara mbili. Anasema ni uji wa wagonjwa. Nimemwambia, "Baba, na wewe ni nani?" Akageukia ukutani.

Imebaki siku moja kabla ya kwenda kuchukua gari, na tangu Jumapili sijalala vizuri. Acha nikueleze kwa mpangilio, maana nikianza na hofu nitabaki humo humo.

Unakumbuka tulivyokuwa tunasema, siku moja mimi na Shabani tutanunua gari, tukupeleke hadi kwa shangazi Kurui ukiwa umekaa mbele? Gari halikuwahi. Sasa ndiyo limewezekana. Shabani kazi ya kuchomelea mageti imemkubali, na mimi kuku wa mayai wameniheshimu. Lakini kwa miezi miwili hatukuelewana gari gani. Siku hizi mtaani kwetu kila mke na mume wana kesi hiyo hiyo. Mwalimu wa jirani na mkewe walinuniana wiki nzima, mwisho wakanunua la petroli, na hadi leo mke akipita kituo cha mafuta anaguna.

Shabani alitaka la umeme. Lile la juu, linaloweza kupita kwenye matope. Alikuwa ananifuata hadi bandani nikiokota mayai. "Mama Zuhura, petroli unaifuata barabarani. Umeme uko ukutani kwako."

"Ukutani kwangu? Huu unaokatika mvua ikitishia tu?"

"Unarudi."

"Na mgonjwa atausubiri?"

Alijua nasema nini. Mimi nilitaka la petroli kwa sababu moja tu: petroli ikikuishia popote kati ya Mzenga na lami, utakuta meza yenye chupa, mtu atakutilia, utaondoka. Umeme hauuzwi kwenye chupa. Na Baba alikuwa bado yuko Mzenga peke yake, na moyo wake ambao daktari alisema umetanuka, na amegoma kuhama kwa sababu kaburi lako liko nyuma ya mihogo. Kila simu ikilia alfajiri nilikuwa naketi kitandani kwanza, ndipo naipokea. Niliiogopa ile njia, Mama. Niliiogopa kwa sababu wewe ulifia humo, kichwa chako kikiwa mapajani mwangu.

Basi muuzaji mmoja wa hapa Kibaha akatuachia gari la umeme kwa siku moja ili tulijaribu, akabaki na kadi ya pikipiki ya Shabani kama dhamana. Tukasema tutakwenda Mzenga na kurudi, tuone. Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme Mbwawa ukakatika, kama vile umetusikia. Tukaondoka na asilimia sitini na mbili badala ya mia.

Sijui nikuelezeje gari lile. Unakaa ndani, linaondoka, na hujui limeondoka. Hakuna mngurumo. Nilikuwa nasikia vijiwe vikiruka chini, nasikia mayai niliyombebea Baba yakigongana kwenye trei. Macho yangu yalikuwa kwenye ile namba tu. Hamsini. Arobaini na tano. Kila kilima ilishuka, na mimi nilishuka nayo. Tulifika na thelathini na nne, na Shabani, aliyeanza safari akipiga mluzi, alikuwa ameshauacha.

Watu walitoka kutazama. Bi Tatu, jirani yako, unamjua na utani wake. Shabani ni Mnyamwezi, mtani wetu, basi kwake ni halali yake mchana na usiku. Akalizunguka gari, akaligonga kwa kidole. "We Mnyamwezi, umetuletea gari au maiti? Mbona haliongei?"

"Linaongea na wenye akili, Bi Tatu."

"Ndiyo maana wewe limekunyamazia njia nzima!"

Baba alicheka hadi akashika kifua. Alikuwa amekonda. Alivaa ile kanzu yake uliyoipiga viraka kwapani.

Shabani akavuta waya, akachomeka gari kwenye soketi ya sebuleni. Baba akauliza linakula sana? Shabani akasema kidogo tu. Tukakaa barazani tukala wali na kisamvu. Hapo ndipo tulipokosea, Mama, na lilikuwa kosa la kwetu kabisa. Hatukuuliza mita ya Luku ya Baba imebakiwa na yuniti ngapi za umeme. Na Baba hakusema. Kile kimita kilipoanza kulia ndani, sisi hatukukisikia kwa sababu ya maneno ya Bi Tatu. Baba alikisikia. Lakini unamjua mumeo. Mgeni haambiwi unga umeisha, na mkwe ndiyo kabisa. Wewe mwenyewe ulikuwa unatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kukopa sukari, na sisi tukidhani umekwenda kuchuma ndimu.

Akasimama, akasema anakwenda kuswali Adhuhuri. Akachukua kofia.

Nilimwona akienda. Niliona kuwa amepita msikiti. Nikajiambia ana mtu anataka kumsalimia. Hilo nalijibu kila usiku tangu siku ile: niliona.

Watu walitoka msikitini, Baba hakurudi. Nikaingia ndani kumtazama, nikawasha taa ya chumbani, haikuwaka. Nikaangalia mita. Sifuri. Mama, miguu yangu ilijua kabla ya kichwa. Alikuwa amekwenda kwa wakala kununua umeme, kwa miguu, jua la saa saba, mtu aliyekatazwa hata kuchota maji. Kwa ajili ya gari letu.

Tulichomoa gari tukamfuata nalo, tukamkuta karibu na daraja dogo, amekaa chini ameegemea mti wa mkorosho, midomo ina rangi ya majivu. Kikaratasi cha Luku alikuwa nacho mkononi, amekikunja vizuri. Akasema, "Nilikuwa napumzika tu."

Tulimlaza kiti cha nyuma. Kichwa mapajani mwangu. Njia ile ile, Mama. Kiti cha nyuma, upande ule ule. Shabani akawasha gari na namba ilikuwa thelathini na saba. Tukaelekea kituo cha afya kule kwenye lami.

Nilitamani petroli. Nilitamani harufu yake. Shabani alikuwa anataja namba kwa sauti bila kujua anataja. Thelathini na moja. Ishirini na nane. Nikamwambia, "Shabani, nakuomba, usinitajie."

Akanyamaza. Na gari nalo kimya. Ndipo nikasikia pumzi ya Baba. Ilikuwa inaingia kama mtu anayeburuta mkeka sakafuni, inatoka na mluzi mwembamba, halafu inakaa. Pale inapokaa ndipo nilipokuwa nakufa mimi. Halafu mkeka unaburutwa tena. Kila moja niliisikia. Hakuna hata moja iliyonipita.

Sasa nifike pale ninapoogopa zaidi.

Baba akafumbua macho. Akasema, neno moja moja, "Mama yenu. Kweli alitamka?"

Wewe unajua niliyowaambia. Siku ile ulipofariki, watu walipojaa uwanjani, niliwaambia kwamba ulitamka shahada wazi wazi, halafu ukasema, "Msalimieni baba yenu." Kaka Ramadhani alilia, akanishukuru mbele ya watu. Shehe alilitaja wakati wa dua. Baba amekaa na salamu hiyo mwaka mzima.

Haikuwa hivyo. Lile gari tulilokodi lilikuwa na ekzosi iliyotoboka, linapiga kelele hadi meno yanatetemeka. Mimi nilikuwa nimeinua shingo namfokea dereva aongeze mwendo. Sikukutazama. Midomo yako ilikuwa inacheza, niliiona mara moja, nikasema nitakusikiliza tukifika lami. Tulipofika lami dereva akazima injini, na kwenye ule ukimya nikajua kuwa nilikuwa nimekushika peke yangu. Kwa muda gani, sijui. Hadi leo sijui.

Ningeweza kumdanganya Baba tena. Lakini kwenye gari lile hakukuwa na kelele ya kujificha. Nikasema, "Sikusikia, Baba. Gari lilikuwa linapiga kelele. Niliona mdomo tu."

Pumzi ikakaa. Ikakaa muda mrefu. Shabani akanitazama kwenye kioo, na mimi nikaweka mkono kifuani kwa Baba.

Kisha mkeka ukaburutwa. "Basi," akasema, "Mungu hazuiwi na ekzosi." Akafumba macho. Baadaye kidogo akasema tena, "Angetaka kujua kama nimekula."

Tulifika na asilimia kumi na moja. Wakamwekea oksijeni, wakamchoma sindano, wakasema tumemuwahisha. Shabani alitoka nje, akajiegemeza kwenye lile gari, akalia kama siku ya msiba wako.

Nilidhani basi, yamekwisha, tutanunua la petroli. Naye alisema hivyo hivyo, wa kwanza. "Mama Zuhura, ulikuwa sahihi. Nimeiona kumi na moja kwa macho yangu. Sitaki tena."

Na mimi nikajikuta nasema hapana. Nikamwambia tuchukue la umeme. Akadhani nimechanganyikiwa. Nikamwambia gari la kubebea wazee wetu nataka liwe lile ambalo ndani yake mtu akisema neno la mwisho, ninalisikia. Mengine tutayapanga. Litalala limechomekwa kila siku umeme ukiwepo, chini ya nusu halitoki getini, na Luku ya Mzenga nitakuwa naijaza mimi kwa simu, Baba atake asitake. Shabani alinitazama sana. Akasema, "Sawa. Lakini na mimi naogopa." Nikamwambia tuko wawili.

Kwa hiyo kesho, Mama. Usidhani nimekuwa shujaa. Mvua za masika zinakuja, njia itakuwa mbovu, umeme utakatika, na Baba ameshasema akipata nguvu anarudi kwako, nyuma ya mihogo. Simu italia tena alfajiri. Naogopa kuliko nilivyokuwa naogopa kabla, kwa sababu sasa najua pumzi inasikikaje inapotaka kukaa.

Lakini kuna kinachonitisha kuliko masika. Bado sijamwambia kaka Ramadhani. Ijumaa atakuja kumwona Baba, na wadogo zangu watakuwepo. Nitawakalisha, nitawaambia kuwa yale maneno niliyatunga, na kwa nini. Naiona sura yake tangu sasa. Huenda akaondoka bila kunywa chai. Huenda asinipigie simu hadi Idi. Namjua, na bado nitasema. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako, nimeiandika ili nisiikimbie.

Nisamehe kwa kutazama barabara. Kama ulitamka shahada, Mwenyezi Mungu na akupokee nayo. Kama ulikuwa unaniita mimi, nisamehe mara mbili. Pumzika, Mama yangu, uliyenifundisha kugonga mlango hata nyumba ikiwa tupu. Ijumaa jioni, wakishaondoka wote, wawe wamenielewa au wamenikataa, nitakuja Mzenga, nitakaa pembeni ya kaburi lako na kukuambia walivyosema, neno kwa neno, bila kuongeza langu.

Mwanao,
Saumu